Oili Inapotoweka Ghafla: Usikimbilie Kununua Turbo



Gari kuukuu lenye turbo linapopoteza oili ghafla, mwenyewe hukabiliwa na hasara mbili: ya kwanza barabarani, ya pili gereji. Leo ningependa tuzizuie zote mbili.

Ya kwanza huzuiwa kwa kusimama. Mhimili wa turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, egesha mahali salama na uzime injini. Usijiambie kwamba nyumbani si mbali. Subiri kama dakika 10, kisha upime oili kwa kijiti gari likiwa mahali tambarare. Hata kijiti kikionyesha kwamba oili ipo, usiliendeshe, livutwe.

Ya pili huzuiwa kwa kuchunguza kabla ya kulipa. Oili ina njia chache za kupotelea. Ikiwa imemwagika chini, hasa baada ya sevisi, tazameni kwanza filta na nati ya kumwagia oili. Pengine mpira wa filta ya zamani ulibaki umenata kwenye injini, na mpya ikafungwa juu yake. Kisha kagueni mabomba ya turbo. Pasipo tone chini, tazameni eksozi: moshi wa buluu ni dalili ya oili inayoungua, ikipitia turbo, ringi za pistoni au sili za valvu. Oili ikielea kwenye maji ya rejeta, shukuni gasketi ya silinda hedi au kipoza oili.

Hata turbo ikipatikana inavuja, muulize fundi: kwa nini? Bomba la kurudisha oili kwenye injini likiziba, au njia ya kupumulia injini ikiziba, oili husukumwa kupita sili za turbo nzima. Anayebadilisha turbo bila kuzibua njia hiyo hujiandaa kununua nyingine.

Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inatambua haki yako ya kupewa makadirio ya gharama kabla ya kazi, na ya kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Viombe mapema, na makadirio yawe kwa maandishi. Turbo ya zamani ikiwa mkononi mwako, fundi mwingine ataweza kuutikisa mhimili wake na kukuambia kama kweli ilikuwa imekufa.