Chagua mshipi kwa maji yako, si kwa bei ya duka

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na vijana wanaovua kwa ndoana, Homa Bay)



Wengi wenu mnanijua kama yule wa kamera na daftari. Mimi si afisa wa uvuvi. Huwa ninavua kwa ndoana wikendi, na nimesimama hapa leo kwa sababu ya kidole hiki. Walioketi mbele wanaiona alama. Siku hiyo nilikuwa juu ya mwamba kule Rusinga, bila fimbo, na nilikuwa nimeuzungusha mshipi mkononi mara tatu ili usiteleze. Ulikuwa mshipi mwembamba wa kusukwa, wa bei ghali, na aliyeniuzia alinihakikishia kwamba haukatiki. Alisema kweli. Mbuta aliposhika chambo na kukimbilia kilindini, mshipi haukukatika. Kilichokatika ni kidole. Rafiki yangu ndiye aliyeniokoa kwa kuukata kwa kisu.

Tangu siku hiyo sitoi pesa dukani kabla ya kujiuliza maswali matatu. Maji ninayovulia yakoje? Ninamtaka samaki gani? Na je, ninavua kwa fimbo au kwa mkono?

Kwanza tujue kilicho madukani. Mishipi iko ya aina tatu kuu. Ya kwanza ni monofilamenti, yaani uzi mmoja wa nailoni. Huu ndio wa bei nafuu, ni rahisi kuufunga fundo, na hunyumbuka samaki anapovuta. Kunyumbuka huko kunazuia ndoana isichomoke kwa ghafla. Udhaifu wake ni kwamba jua huuchosha, na ukikaa sana kwenye rili hujikunja kama chemchemi.

Wa pili ni florokaboni. Kwa macho unafanana na wa kwanza, lakini ni mzito zaidi, huzama haraka, hustahimili kusuguana na mawe, na majini hauonekani kwa urahisi. Ni mgumu kidogo kuufunga, na bei yake iko juu.

Wa tatu ni ule uliosukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Kwa unene uleule, una nguvu kuliko hao wengine, na karibu haunyumbuki kabisa. Samaki akigusa chambo tu, unamsikia. Lakini ukisuguana na mwamba hukatika upesi, na ukiuzungusha mkononi, matokeo ndiyo haya mnayoyaona.

Sasa swali la maji. Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Kijana anasikia kwamba florokaboni haionekani na samaki, anauza kuku wawili, anaujaza kwenye rili nzima. Kisha anaenda kuvua ndani ya Ghuba ya Winam, mahali ambapo maji yana tope na mwani, na ukitumbukiza mkono hadi kiwiko huvioni vidole. Ndugu yangu, umelipia mshipi usioonekana, na hapo hata ule wa bei nafuu hauonekani! Florokaboni ina maana kubwa kwa mtu anayevua trauti katika mito myeupe ya Mlima Kenya. Huku kwetu, itumie pale maji yanapokuwa safi zaidi, upande wa ziwa kuu kuelekea Mfangano, na hata hapo mita moja au mbili karibu na ndoana zinatosha.

Penye magugumaji, mshipi wa kusukwa una kazi yake. Samaki akijichimbia kwenye mizizi, unaweza kumvuta pamoja na majani bila kukatika. Penye miamba, monofilamenti nene ni salama zaidi. Ukitaka kutumia wa kusukwa kwenye miamba, funga mbele yake kipande cha monofilamenti nene, ili hicho ndicho kisuguane na mawe.

Swali la pili ni samaki. Kwa ngege anayedonoa taratibu, monofilamenti nyembamba ya kilo 2 hadi 4 inatosha. Ukiweka mshipi mnene kama kamba ya viatu, chambo hakitembei vizuri na ngege ataking'amua. Kambare anahitaji nguvu zaidi, kilo 7 hadi 10. Kamongo ana taya linalokata, kwa hiyo weka kipande kifupi cha waya kabla ya ndoana. Mbuta je? Mdomo wake ni kama msasa, na kingo za mashavu yake ni kali. Kwa anayevua kwa fimbo kutoka kwenye mashua, mshipi wa kilo 14 hadi 20 ni wa kawaida, lakini ule wa mwisho karibu na ndoana uwe mnene zaidi. Na mbuta asiyefika sentimita 50, mrudishe majini akue.

Hapo mtu ataniuliza: mbuta wa kilo 25 atavuliwaje kwa mshipi wa kilo 14? Nambari iliyo kwenye kibandiko ni nguvu ya kuukata mshipi, wala si uzito wa samaki. Fimbo hupinda, na breki ya rili huachia mshipi samaki anapokimbia. Kaza breki ianze kuachia ikifika robo au theluthi ya nguvu ya mshipi. Samaki atachoka mwenyewe. Vibandiko vingine huandika pauni; ukiona pauni 20, hesabu kama kilo 9.

Hilo linatuleta kwenye swali la tatu. Anayevua kwa mkono hana fimbo ya kupinda wala breki. Breki yake ni ngozi. Kwa hiyo tumia monofilamenti nene, ya karibu milimita moja, iliyozungushwa kwenye kibao au chupa. Usitumie wa kusukwa. Na usiuzungushe mshipi wowote mkononi, kidoleni au kiunoni, hata kwa dakika moja. Mbuta mkubwa anaweza kumwangusha mtu majini.

Ukinunua mshipi usio na kibandiko, au una ule wa zamani, upime nyumbani. Loanisha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, maana fundo kavu huunguza nailoni na kuidhoofisha. Kisha ufunge kwenye mtungi wa lita 5 uliojaa maji, ambao ni kilo 5 na ushei, na uunyanyue polepole kwa kijiti. Kama mshipi uliouziwa kwa jina la kilo 9 unakatika hapo, basi ama fundo ni baya au mshipi umechoka. Ni heri ujue ukiwa uani kuliko kujua samaki akiwa karibu na mashua.

Jambo la sheria. Neno monofilamenti huwatia wengi wasiwasi, na ni haki yao. Nchini Kenya nyavu za monofilamenti ni marufuku. Mshipi mmoja wenye ndoana si wavu, lakini asije mtu akakushawishi kununua mizunguko mingi ya mshipi huo ili muufume usiku. Huo ni wavu haramu, na unaendelea kuua hata ukipotea majini.

Vivyo hivyo mshipi uliochoka. Nailoni haiozi kama katani. Ukiutupa ufuoni, mnandi na furukombe hunaswa miguu na mabawa wakafa kwa njaa, na watoto wetu wanaoogelea hukatwa. Ukate vipande vifupi, uuweke mfukoni, uutie kwenye pipa la taka.

Ninamaliza. Mvuvi wa ndoana hana mtaji mkubwa. Shilingi mia chache zikienda kwa mshipi usiofaa, hizo ni unga wa jioni. Kwa hiyo ukifika dukani, usianze kwa kuuliza upi ni ghali au upi haukatiki. Mweleze muuzaji maji yako, samaki wako na unavyovua, kisha umwachie yeye akutafutie. Kama hajui kujibu, njooni kwa maafisa wa uvuvi waliokaa pale. Wengine mtamwuliza mwenye alama kidoleni.