Paa Kwanza, Uso wa Jengo Baadaye



Desturi inamtaka profesa mpya aeleze taaluma yake inaelekea wapi. Mimi nitaeleza paa linavyokaa juu ya ukuta. Naamini hapo ndipo panapoamua kama jengo la nchi ya joto litakalika, au litakuwa tanuri la kulipia umeme kila mwezi.

Nianze na Gando, kijiji cha Burkina Faso. Diébédo Francis Kéré alizaliwa hapo mwaka 1965, mtoto wa mkuu wa kijiji. Shule haikuwapo, akapelekwa mji wa Tenkodogo, akasoma katika darasa lililojaa watoto na joto. Baadaye alikwenda Ujerumani kwa ufadhili wa kujifunza useremala, na kutoka huko akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusomea usanifu majengo. Akiwa bado mwanafunzi alichangisha fedha, na mwaka 2001 Gando ikapata shule yake ya msingi. Mwaka 2004 shule hiyo ilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo.

Tuzo tuziweke kando, tutazame mchoro wa mkato wa shule hiyo, yaani jengo lionekanavyo likikatwa wima. Kuta ni za matofali ya udongo uliotiwa saruji kidogo na kushindiliwa. Juu ya kuta kuna dari, nayo ni ya matofali yaliyolazwa juu ya nondo na kuachiwa upenyo. Juu ya dari kuna nafasi tupu. Juu kabisa ndipo lilipo bati, limebebwa na kenchi zilizochomelewa kwa nondo zile zile ambazo fundi yeyote huzifunga kwenye nguzo ya zege. Kreni haikuhitajika, vijana wa kijiji walifundishwa kukata na kuchomelea.

Sasa jua linapanda. Bati linapata moto, kama mabati yote. Lakini joto lile haliangukii vichwa vya watoto, kwa kuwa hewa iliyo kati ya bati na dari inapanda na kutoka zake, na kwa kutoka kwake inaivuta hewa nzito ya darasani ipite kwenye upenyo wa dari. Hewa mpya inaingia madirishani. Paa limetokeza mbali kupita ukuta, hivyo kuta zina kivuli na mvua haiufikii udongo. Hilo la mvua lilikuwa na uzito wake, maana wanakijiji walikuwa na shaka: nyumba za udongo walizokuwa wakijenga wao ziliharibika kila msimu wa mvua. Walitaka zege na vioo kama vya Ulaya. Kéré hakuwahubiria. Aliwaonyesha kwa vitendo.

Ipo pia maktaba ya shule hiyo. Kwa ajili ya dari yake, kina mama walileta vyungu vya kijijini, vikakatwa mdomo na kitako, vikapangwa, kisha zege likamwagwa kati yake. Kila chungu kikawa tundu linaloshusha mwanga na kupandisha joto. Nimewaona wasanifu wakitumia programu za bei mbaya wakatoa matundu yasiyofanya kazi nusu ya hiyo.

Kutoka Gando twende Harare. Jengo la Eastgate, lililokamilika mwaka 1996 kwa usanifu wa Mick Pearce na uhandisi wa kampuni ya Arup, ni la maduka na ofisi, na halina mtambo wa kawaida wa viyoyozi. Usiku feni zinaingiza hewa ya baridi na kuipitisha katika mianya iliyo chini ya sakafu za zege. Zege linapoa. Mchana zege hilo hilo linapooza hewa inayopita kwenda ofisini, na hewa iliyopata joto inatokea kwenye dohani zilizo juu ya paa. Pearce alisema alijifunza kutoka kwenye kichuguu cha mchwa. Baadaye watafiti waliovipima vichuguu waligundua kwamba mchwa hawapoozi nyumba yao kwa namna ile iliyodhaniwa. Hadithi ilikuwa na kasoro, lakini jengo linafanya kazi. Wanafunzi wangu hulipenda sana jambo hili, nami pia.

Ila sikilizeni vizuri. Lijenge Eastgate lile lile pale Posta, Dar es Salaam, na litakushinda. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Usiku wake una baridi ya kutosha kulipooza zege. Februari ya Dar es Salaam haina baridi hiyo. Usiku unakuja na joto lake, na unyevunyevu juu. Kwetu dawa ni upepo kuvuka chumba na kivuli kwenye ukuta, na upepo tunao: kaskazi na kusi, ambazo mabaharia wa pwani hii walizipangia safari zao zamani. Beda Amuli alilielewa hilo aliposanifu Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975 likiwa na miamvuli ya zege iliyopinduliwa, inayotia kivuli, kupitisha hewa na kukusanya maji ya mvua. Halafu tukaanza kuinua maghorofa ya vioo visivyofunguka. Ukumbi huu tuliomo umo katika mojawapo. Umeme ukikatika sasa hivi, mhadhara umekwisha.

Kuhusu saruji nitasema machache. Utengenezaji wake hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Zaidi ya nusu ya hiyo haitoki kwenye kuni wala makaa ya mawe. Inatoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa. Hata tanuri ukiliendesha kwa umeme wa jua, jiwe bado litaitoa hewa hiyo. Kwa hiyo sisemi tuache zege, maana msingi wa ghorofa haujengwi kwa mate. Nasema tulimwage pale tu kazi inapolidai.

Na tusidanganywe na vyeti. Mwaka 2017 makao ya Bloomberg mjini London yalipata alama 98.5 kwa mia katika kipimo cha Uingereza cha majengo rafiki kwa mazingira. Jengo hilo hilo liliagiza tani 600 za shaba nyeusi kutoka Japani na mawe ya matale kutoka India. Teknolojia yake ya hewa na maji ni ya hali ya juu, silibezi. Lakini kipimo kinachoona bomba na kisione meli hakitufai sisi.

Namaliza kwa ombi kwa kamati ya majengo ya chuo hiki, ambayo najua inaandaa zabuni za mabweni mapya. Picha za rangi za uso wa jengo ziwe za mwisho kwenye kabrasha. Ukurasa wa kwanza uwe mchoro wa mkato, na mzabuni asiyeonyesha upepo unaingilia wapi na unatokea wapi, bahasha yake ya bei isifunguliwe.