Jina la Mwalimu ni Amana

*Mazungumzo na walimu tarajali wa Buzwagi, Kahama. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya watumiaji wote wa huduma za mawasiliano.*



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya simu, kompyuta na mitandao ya kijamii katika maisha ya mtu anayejiandaa kuwa mwalimu. Naomba nianze na jirani yetu, mgodi.

Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009, ukafungwa mwaka 2021. Dhahabu yake iliuzwa mbali, na wengi wetu hatukuona hata punje. Shimo lake tunalo hapa. Mgodi haufungwi kwa kuzima mitambo tu: maji hupimwa, ardhi hurekebishwa na mipaka hulindwa, kwa sababu kilichochimbwa kwa miaka michache huacha alama kwa vizazi. Yale tunayoyaandika na kuyarusha mtandaoni yana tabia hiyo hiyo. Sifa ya siku mbili hupita. Alama hubaki, na mara nyingi hubaki kwa mtu ambaye hakufaidi chochote.

Neno langu leo ni moja: jina la mwalimu ni amana. Mzazi humkabidhi mwalimu mtoto wake kwa kuliamini jina hilo. Kwa hiyo kila kitu chenye jina lako, iwe laini ya simu, akaunti, picha au ujumbe, utakijibu kama mwalimu, hata kama ulikifanya ukiwa bado chuoni.

Picha ya mtoto si mali yetu

Katika kazi yangu ya kupokea malalamiko ya watumiaji, alinijia mama mmoja anayeuza chakula karibu na mwalo wa wachimbaji wadogo. Alikuja na simu ya jirani yake, kwa kuwa yake ilikuwa ya kitochi. Akanionyesha video ya mwanawe wa darasa la pili, miguu peku, shati limechanika bega, akijibu swali ubaoni. Aliyeipiga alikuwa mwalimu tarajali aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha. Chini yake aliandika akiwaomba wasamaria wema viatu.

Nia yake ilikuwa njema, na viatu vilipatikana. Lakini video ilisambaa katika makundi ya simu ya mtaa mzima, na watoto wenzake wakampa jina: Bwana Peku. Mtoto akaanza kuamka na maumivu ya tumbo kila siku ya shule. Mwalimu alipoambiwa, aliifuta siku hiyo hiyo, akaenda nyumbani kwao kuomba radhi. Alikuwa kijana muungwana. Hata hivyo, nakala zilikuwa tayari katika simu za watu asiowajua. Mama yule aliniuliza swali moja: “Yeye amefuta yake, hizo nyingine nani atazifuta?” Sikuwa na jibu la kumridhisha. Mtoto alihamishiwa kwa shangazi yake, akaanza shule upya mahali ambapo hawakumjua.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, imezihesabu taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa taarifa binafsi nyeti. Uso wa mtoto, jina lake, shule yake, alama zake za mtihani na hali ya kwao vinahitaji ulinzi wa pekee. Kabla ya kupiga picha darasani, omba ruhusa ya mkuu wa shule. Kabla ya kuichapisha popote, pata idhini ya mzazi au mlezi kwa maandishi, na umweleze itaonekana wapi. Usipoipata, piga picha ya ubao, ya mikono inayopanda mti, au ya daftari lisilo na jina. Na ukiona mtoto hana viatu, mwambie mkuu wa shule, kamati ya shule au afisa ustawi wa jamii. Msaada hauhitaji watazamaji.

Vivyo hivyo kwa matokeo. Kundi la wazazi kwenye WhatsApp ni chombo kizuri cha kutangaza kikao au siku ya kufunga shule. Kubandika humo orodha ya alama za darasa zima ni kumtangaza wa mwisho mbele ya majirani zake. Alama za mtoto apewe mzazi wake.

Kamera nayo hututazama

Mwezi Oktoba 2016 nchi nzima iliona video iliyopigwa kwa simu katika shule ya sekondari ya kutwa ya Mbeya. Ilionyesha walimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha wakimpiga mwanafunzi mmoja, wengi kwa mmoja. Serikali ilichukua hatua, na walimu tarajali waliohusika wakafukuzwa vyuoni.

Wapo waliojifunza kutokana na kisa hicho kwamba simu zipigwe marufuku ofisini. Hilo ni funzo pungufu. Kosa halikuwa kurekodiwa. Kosa lilikuwa kipigo. Anayetaka kulinda jina lake mtandaoni aanze kulilinda pale asipodhani kuwa anaonekana. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na siku hizi kibaya hutembea kwa kasi ya bando.

Kuna funzo la pili. Video ile ilifichua uovu, lakini ilimzungusha pia mwanafunzi aliyeonewa akiwa katika saa yake ya udhalili. Ukishuhudia mtoto anaumizwa, ushahidi upeleke kwa mwenye mamlaka ya kuchukua hatua: mkuu wa shule, afisa elimu, ustawi wa jamii au polisi. Ipo pia namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bila malipo.

Laini yenye kidole chako

Sasa nije kwenye jambo linalowaumiza wengi katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita. Watu hufika kwenye maduara na mialo kutoka kila pembe kutafuta riziki, na wapo wasio na kitambulisho cha Taifa. Mmoja wao atakuomba: “Mwalimu, nisajilie laini, nitakupa ya soda.” Unaona umemsaidia ndugu.

Tangu Mei 2019 laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, na kuanzia Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Maana yake ni kwamba laini iliyosajiliwa kwa kidole chako ni sahihi yako. Ikitumika kutuma ule ujumbe tunaoufahamu sote, “ile pesa tuma kwenye namba hii,” jina la kwanza litakaloonekana ni lako. Kwa mwalimu anayesubiri kuajiriwa, hilo ni pigo zito hata kama mwishowe atathibitika hana hatia.

Piga *106# na ufuate maelekezo ili uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda mara moja kwa mtoa huduma husika ikafungwe. Unaposajili laini kwa wakala wa mtaani, usikubali kuweka kidole mara ya pili na ya tatu kwa maelezo kwamba mtandao unasumbua, bila kuona kilichotokea mara ya kwanza. Na ujumbe wa kitapeli usiufute tu: utume pamoja na namba iliyouleta kwenda 15040, upate kumkinga na mwenzako.

Ajira haiuzwi

Tapeli huijua shida ya mtu. Kwa mchimbaji atakuja na dhahabu ya bei rahisi. Kwa mhitimu wa ualimu atakuja na nafasi ya kazi. Atakutumia tangazo lenye nembo ya Taifa, akuite kwa jina lako kamili, akutajie hata chuo ulichosoma. Amejuaje? Uliviandika mwenyewe. Wengi huweka vyeti vyao mtandaoni siku ya mahafali, namba ya mtihani ikisomeka. Kisha ataomba fedha kidogo “ya kufungua faili.”

Nafasi za kazi serikalini hutangazwa na kuombwa kupitia mifumo rasmi, ikiwemo ile ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kuomba hakulipiwi. Tovuti za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, soma herufi hizo moja baada ya nyingine kabla ya kujaza chochote. Anayekutaka umlipe kwa simu ili jina lako lipite hana nafasi ya kukupa. Cheti furahia na ndugu zako, lakini picha yake usiiweke hadharani. Na nywila yako usimpe hata yule anayejazia watu fomu dukani. Kaa karibu, uiandike mwenyewe, na ukimaliza ufunge akaunti katika kompyuta yake.

Zana za kufundishia

Nisieleweke kwamba nawaogopesha. Mwalimu wa leo ana utajiri ambao walimu wetu hawakuuota. Taasisi ya Elimu Tanzania inayo Maktaba Mtandao, ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Kabla ya kumlipa mtu anayeuza vitabu katika kundi la simu, angalia kama havipo huko.

Hata hivyo, kitu kupatikana mtandaoni hakukifanyi kuwa sahihi. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa kwa hatua mwezi Januari 2024, ilhali maazimio ya kazi na maandalio ya somo ya mtaala wa zamani bado yanazunguka. Tazama mwaka, tazama mwandishi, kisha linganisha na muhtasari wa somo lako. Hali ni hiyo hiyo kwa programu za akili unde zinazoandika andalio zima kwa dakika moja: hukosea kwa lugha fasaha, na kosa lililoandikwa vizuri ndilo gumu kulitambua. Zitumie kama msaidizi unayemkagua, na usiziingizie kamwe majina wala taarifa za wanafunzi.

Zingatieni pia habari zinazosambazwa. Mwalimu akituma taarifa katika kundi la mtaa, watu huiamini kwa sababu yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo kwa kukusudia kudanganya au kupotosha, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Habari usiyoweza kuitolea ushahidi, isiishie kwako tu kusomwa. Iishie kwako kusambazwa.

Kabla ya kwenda mazoezini

Nawaomba mfanye mambo sita kabla ya kuripoti shuleni.

1. Tafuta jina lako mtandaoni kama mzazi atakavyolitafuta. Ondoa unayoweza kuyaondoa, na funga akaunti usizozitumia.
2. Washa uthibitisho wa hatua mbili katika WhatsApp na barua pepe. Namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe usimpe mtu yeyote, hata akijiita mhudumu wa mtandao.
3. Piga *106# ukague laini zako.
4. Tenganisha akaunti ya nyumbani na ya kazi. Usiwasiliane na mwanafunzi faraghani. Pitia kwa mzazi au katika kundi linaloonwa na uongozi wa shule.
5. Waulize walimu wenyeji utaratibu wa shule kuhusu simu na picha, na uufuate.
6. Ukipata tatizo la huduma, lalamika kwanza kwa mtoa huduma na utunze kumbukumbu. Usiporidhika, peleka lalamiko Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Kuhusu matumizi mabaya ya taarifa zako, nenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ndugu zangu, mgodi ulipofunguliwa palikuwa na wataalamu wa kukadiria madhara yake kabla ya jiwe la kwanza kupasuliwa. Unapoishika simu darasani, mtaalamu huyo ni wewe, na muda ulio nao ni ule kabla ya kidole kugusa kioo. Jiulize swali la yule mama: nakala zikishaenda, nani atazifuta? Ukikosa jibu, irudishe simu mfukoni, uendelee kufundisha.