Kaa wa Msimbazi na Kalenda Yetu: Kwa Nini Metali Nzito Zipimwe kwa Misimu



1. Utangulizi

Maji yakipwa pale Daraja la Selander, jijini Dar es Salaam, tope la chini ya mikoko huchangamka. Kaa wadogo hutoka mashimoni, madume wakipunga lile gando moja kubwa. Kazi ya kula hufanywa na gando dogo: huchota tope, mdomo huchuja vijimea na mabaki yaliyooza, na kinachobaki hutemwa kama kidonge. Haupiti muda, ufuko umejaa vidonge.

Kaa huyu, basi, riziki yake ni tope. Na tope hilo ndilo jaa la Mto Msimbazi, unaoshuka kutoka vilima vya Pugu ukipita kwenye viwanda, gereji na makazi. Humo hutua risasi, shaba, zinki, kadimi, pamoja na kromi inayotumika kusindika ngozi.

Hoja yangu ni moja. Tukimpima kaa huyu mara moja tu kwa mwaka, mara tutauzulia mto uchafu, mara tutautakasa bure.

2. Msimu unavyoigeuza sumu

Masika, kati ya Machi na Mei, mto hufurika hadi Jangwani. Mvua hiyo huleta mzigo mpya na kuutibua wa zamani. Tope lisilo na oksijeni huzifunga metali nyingi kwa salfidi. Mafuriko yakilichimbua likakutana na oksijeni, kifungo hulegea na metali hurudi majini.

Jambo la pili ni chumvi. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na ndani yake kadimi nyingi hushikamana na kloridi. Ikiwa katika hali hiyo, haipenyi matamvua ya kaa kwa urahisi. Maji ya mto yakiizimua chumvi, ayoni huru za kadimi huongezeka. Wakati huohuo kalisi hupungua majini, na kadimi hupita katika milango ileile ambayo kalisi hupitia. Kwa hiyo kiasi kilekile cha kadimi chaweza kumdhuru kaa zaidi wakati wa masika kuliko wakati wa kiangazi.

Kaskazi nayo ina lake. Jua huchemsha tope jeusi, mwili wa kaa hufanya kazi kwa kasi, na kwa kawaida sumu nayo huingia kwa kasi.

3. Msimu ndani ya mwili wa kaa

Damu ya kaa husafirisha oksijeni kwa protini yenye shaba, si chuma kama yetu. Hivyo si kila shaba tuipatayo mwilini mwake ni uchafuzi. Nyingine ni uhai wake.

Kisha kuna kujivua gamba. Msemo huu ulivuma katika siasa zetu mwaka 2011, lakini kwa kaa si msemo. Sehemu ya metali hutoka na gamba la zamani. Anabaki laini, akifyonza maji na kalisi ili gamba jipya liwe gumu, na metali hudandia safari hiyo. Majirani wawili wa shimo kwa shimo, mmoja akiwa amejivua juzi na mwingine bado, wanaweza kutupa majibu mawili.

Uzito pia hudanganya. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kaa mwenye gramu 1 ya uzito mkavu ana mikrogramu 40 za zinki. Akila vizuri akafikia gramu 2, huku zinki ikipanda hadi mikrogramu 60, ukolezi umeshuka kutoka 40 hadi 30 kwa gramu. Ripoti itasema hali imetengemaa, ilhali mzigo wake umeongezeka kwa nusu.

4. Mapendekezo

Mwaka wetu wa fedha huanza Julai 1. Fedha zikitoka mapema, twaenda uwandani kiangazi, njia zikiwa kavu. Hiyo ni kalenda ya bajeti. Kaa hana habari nayo. Napendekeza:

(a) Sampuli zichukuliwe kabla ya masika, katikati yake, wakati wa kusi kavu na wakati wa vuli, kwa miaka miwili angalau.

(b) Kila sampuli iandikiwe chumvi, joto, bamvua au maji mafu, jinsia, na hatua ya kujivua gamba.

(c) Tutoe ukolezi kwa gramu pamoja na jumla ya metali kwa kila mnyama.

(d) Uduvi wajumuishwe.

Hili la mwisho linatugusa mezani. Kamba mkubwa humenywa, akatolewa kichwa na utumbo. Uduvi tunamla mzima, na gamba lake. Tukipima Agosti peke yake, tutakuwa tunampa mlaji wa Mei habari za Agosti.