Wimbo wa Nahodha

Wazee wetu, mama zetu, vijana, na ninyi wageni mliovuka kutoka Wasini au kupanda matatu kutoka Msambweni na Diani, karibuni.

Tulipokuwa tukichagua nyimbo za jubilei hii ya miaka 50, baadhi yenu mlituuliza: wimbo wa neema ya ajabu tutauimbaje hapa Shimoni? Swali hilo ni la haki. Aliyeutunga, John Newton, alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa, na pango letu mnalijua.

Mwaka 1748 Newton, kijana wa Kiingereza, alinusurika dhoruba kali Atlantiki akamlilia Mungu. Tungependa kusikia kwamba kesho yake aliiacha biashara ile. Hakuiacha. Kati ya 1750 na 1754 aliongoza safari tatu za kununua watu Afrika Magharibi na kuwauza ng'ambo. Jumapili alisali na mabaharia wake juu ya sitaha. Chini yao, ngamani, watu walilala na minyororo. Kilichomtoa baharini ni maradhi, si dhamiri.

Huku kwetu, miaka hiyohiyo, Wareno walikuwa wameshatolewa Mombasa, na Wamazrui ndio waliotawala. Mwaka 1746 liwali Muhammad bin Uthman aliuawa kwa hila ya mtawala mpya wa Omani, na nduguye Ali akaitwaa tena Ngome. Wadigo walikuwa na kaya zao msituni, kama Kinondo. Utumwa ulikuwepo pwani, lakini ulivimba hasa karne iliyofuata, Unguja ilipokuwa soko kuu. Wazee wa hapa husimulia kwamba watu walifungiwa pangoni wakingojea majahazi.

Newton akawa kasisi mwaka 1764, katika mji mdogo wa Olney. Wimbo wenyewe aliwapa waumini wake tarehe 1 Januari 1773. Usomeni vizuri: mwandishi anajililia yeye, wale wa ngamani hawatajwi. Ilipofika 1788, miaka 34 baada ya safari yake ya mwisho, ndipo alipochapisha kijitabu akaeleza aliyoyaona na kuyafanya. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, na Desemba mwaka huohuo akafariki. Soko la Unguja lilifungwa 1873. Hebu hesabuni wenyewe ni watu wa vizazi vingapi waliopita katikati hapo.

Basi tutauimba. Si kwa heshima ya nahodha. Katika Mambo ya Walawi 25, mwaka wa 50 ndio mwaka wa kuwaachilia waliofungwa, na hatuoni jinsi ya kuiadhimisha jubilei Shimoni huku tumewanyamazia hao. Lakini hatutauimba kwa makofi na vigelegele kama wa harusini.

Baada ya ibada tutatembea pamoja hadi pangoni. Kinanda na ngoma vibaki kanisani. Tutasimama kimya kwanza, kisha besi waanze peke yao, wengine tufuate. Mama zetu wasioweza kushuka ngazi watawekewa viti juu, kivulini, sauti itawafikia. Vijana, simu mifukoni tafadhali. Na sauti ya pili, ubeti wa mwisho msiukimbize.