Gundi ya Mpini wa Kisu
Hotuba waliyosomewa mafundi wa visu, Sondu



Leo hatukuwaita kwa habari ya ada; hiyo ina siku yake. Twataka tuzungumze habari ya visu vinavyorudishwa.

Mwajua nyote mambo yanavyokwenda. Tunafua bapa kwa springi kuukuu ya lori, tunatia mpini, mchuuzi anachukua dazeni na kuzipeleka Kisumu kwa akina mama wapasuao samaki. Baada ya majuma mawili kisu kinarudi, mpini unacheza. Mchuuzi hakati hasara hiyo katika faida yake, anaikata katika malipo yetu. Mmoja wetu amekwisha kukatwa bei ya visu saba kwa mara moja. Na liko baya kuliko fedha: mpini ukichomoka mama anapopasua mbuta, bapa humwingia kiganjani.

Wengine husema gundi za siku hizi ni mbovu. Sisi twaona zimepewa kazi isiyo yao. Gundi nyeupe ya maseremala hushika mti kwa mti kwa sababu mti huinywa, chuma hakinywi. Ile ya washona viatu hubaki laini kama mpira, na mpini husogea kidogo kidogo kila siku. Supaglu, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1958, hushika upesi sana, lakini hukatika kama kioo kisu kikianguka sakafuni, wala haizibi nafasi vizuri. Na mipini yetu, tuseme kweli, ina nafasi.

Imebaki epoksi, ile ya mirija miwili. Hii hushika chuma na mti, na huziba nafasi. Lakini iko ya dakika tano, na iko ya siku nzima. Tunaipenda ya dakika tano kwa kuwa mchuuzi amesimama mlangoni. Ndiyo inayotutia hasara, maana haivumilii maji kama ile ya polepole, na visu vya samaki hushinda majini.

Basi fanyeni hivi. Mti uwe mkavu kabisa. Mpera mbichi hunywea baadaye ukaacha ufa. Kile kipande cha chuma kiingiacho mpinini kikwaruzeni kwa tupa, kifuteni kwa spiriti, kisha msikiguse kwa vidole, kwa kuwa mafuta ya mkono yatosha kuharibu kazi. Changanyeni sawa kwa sawa kama mirija inavyoagiza. Kuzidisha dawa ya kugandisha hakuharakishi kitu, hudhoofisha. Msibane kwa jiriwa mpaka gundi yote itoke. Na ribiti mbili zisikose: gundi huzuia maji na mchezo, ribiti hushika mzigo. Noeni kabla ya kutia mpini. Gurudumu la kunolea hutia bapa moto, na epoksi ya kawaida hulegea moto ukifika nyuzi 60 au 70 hivi.

Isipakae mikononi. Ngozi ikiizoea vibaya huwasha na kuvimba kila uigusapo, na fundi wa namna hiyo huenda akaacha kazi. Vaeni glavu, wala msinawe kwa petroli.

Lakini haya yote yataka siku moja ya kungoja, na haraka si yetu, ni ya mchuuzi. Kwa hiyo twapendekeza tuseme kwa sauti moja: kisu hakitoki kabla ya saa 24, bei ya gundi iingie katika bei ya kisu, na atakaye kisu siku ile ile akichukue akijua hatutakatwa kikirudi. Fundi mmoja akisema hivi atafukuzwa. Sote tukisema, mchuuzi atapata wapi visu?

Mirija ya kwanza imo kwa mweka hazina. Mkutano ujao kila mtu aje na bapa moja na kipande cha mpera mkavu. Tutatia gundi hapa hapa, vingine vya dakika tano, vingine vya siku nzima, tutavitumbukiza katika ndoo ya maji majuma mawili, kisha tutavivuta mbele ya mchuuzi.