Mwenye Presha Anyanyue au Asinyanyue?

(Mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi kwa kamati za sharika, Mzinga, Morogoro)



 Mada hii imetokana na maombi mawili yaliyofika ofisini kwetu. Kamati moja inataka tununue vyuma vya mazoezi. Kamati nyingine inauliza kama ni halali kuwaruhusu washarika wenye shinikizo la damu, yaani presha, kubeba mawe na ndoo za maji siku za ujenzi wa kanisa. Sisi tunaona ni swali moja: mtu anayemeza dawa za presha afanye kazi ya nguvu, au akae?

Kwanza tuondoe dhana kwamba presha ni ya wakubwa wa mjini. Kati ya mwaka 1992 na 1995 ulifanyika utafiti wa vifo vya kiharusi katika maeneo matatu: Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Morogoro Vijijini ilikuwa na vifo vichache kuliko hayo mengine mawili. Hata hivyo, kwa watu wa miaka 15 hadi 64, vifo hivyo vilikuwa karibu mara tatu ya vile vya Uingereza na Wales. Watafiti walihisi kwamba sababu kubwa ni presha isiyotibiwa. Hao walikuwa watu wa jembe na wa kupanda milima.

Sasa, mara nyingi mtu akishaandikiwa dawa, ndugu zake humnyang'anya ndoo. Mama aliyezoea kushuka Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani huambiwa, "Mama, wewe pumzika." Ni upendo, lakini miezi sita baadaye mama huyo miguu imelegea, mwili umeongezeka, na presha haijashuka. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaowahusu hata wenye presha: pamoja na kutembea, mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza walijumlisha majaribio 270 yenye watu zaidi ya 15,000. Kunyanyua uzito kulishusha namba ya juu ya presha kwa kiasi cha 4.5 hivi, sawa na mazoezi ya kutembea na kukimbia. Kilichoshinda vyote, kwa kushusha takriban 8, ni mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea, kama vile kuegemea ukuta magoti yamekunjwa, mtu akiwa kana kwamba amekaa kwenye kiti ambacho hakipo. Katika majaribio mengi watu walifanya hivyo dakika mbili, wakapumzika, wakarudia hadi mara nne, siku tatu kwa wiki. Ukuta kila usharika unao.

Hatari ipo, na tusiifiche. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wanyanyua vyuma watano wazoefu wakati wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu. Presha yao ilifika wastani wa 320 kwa 250, na mmoja akavuka 480 kwa 350. Hao walikuwa vijana wenye afya. Sababu ni uzito mkubwa mno pamoja na kubana pumzi. Kwa hiyo mwenye presha anyanyue kidogo, na atoe pumzi wakati wa kuinua. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 20. Aanze na madumu ya lita 5, moja kila mkono, aweze kuinua mara 10 hadi 15 huku bado anaweza kuzungumza. Vivyo hivyo ukutani, asibane pumzi. Mawe makubwa ya msingi waachiwe wengine. Presha ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi, aende zahanati. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache mara moja.

Dawa nazo zina tabia zake. Anayetumia atenololi asihesabu mapigo ya moyo kupima jinsi alivyochoka, kwa sababu dawa hiyo huyazuia yasipande. Anayetumia dawa za kutoa maji mwilini awe mwangalifu na joto letu la Morogoro. Anayetumia amlodipini asisimame ghafla wala asikatishe zoezi ghafla, maana anaweza kuanguka. Na misuli ikiuma, watu hukimbilia duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo hupandisha presha na kudhoofisha kazi ya dawa kama losartani. Parasetamoli kwa siku moja mbili ni afadhali.

Jambo linalotusumbua zaidi ni watu kuacha dawa. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania walikwenda Samunge, Loliondo, kupata kikombe cha shilingi 500. Hatukusudii kufufua mjadala ule, ambao uligusa hata kanisa letu. Tunakumbusha tu kwamba walikuwepo waliorudi makwao wakaacha dawa kwa kuwa walijisikia wazima. Presha mara nyingi haiumi, hivyo kujisikia mzima si kipimo. Mazoezi yanaweza kuleta jambo lilelile: mtu anapata nguvu, analala vizuri, anaweka vidonge kabatini. Atenololi ikiachwa ghafla inaweza kumletea mtu mshtuko wa moyo. Kipimo kikishuka, mwenye mamlaka ya kupunguza dozi ni mganga.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza ombi la vyuma lisubiri, na fedha hizo zinunue mashine za kupimia presha, zile za kufunga mkono wa juu, zenye na mkanda mpana kwa wenye mikono minene. Mkanda mdogo husoma juu kuliko ilivyo. Tunafahamu kwamba mashine ndogo ya presha haipendezi kwenye picha ya taarifa kama vyuma vipya vinavyong'aa. Wahisani wetu watuvumilie katika hilo.

Kila kamati ilete majina mawili ya watakaofundishwa kupima na kuandika kwenye daftari, kabla ya mkutano wa robo ijayo. Usharika wenye muuguzi, hata mstaafu, uanze na huyo.